Nyama ya Kesho

Ng'ombe aliyekufa kwa njaa hana damu nyingi. Kaveke alilijua hilo kwa mikono yake, maana kila asubuhi aliwapasua nyuma ya ghala la nyama, na shoka lilitoka karibu kavu. Paja lilikuwa fupa lililovikwa utando. Ngozi ilikuwa imegandamana na mbavu hata kisu kikakosa pa kuingilia. Mvua za mwaka huo wa elfu mbili ziliipita Kajiado bila kubisha hodi, na Wamaasai waliokuwa wakiswaga mifugo kutoka upande wa Isinya kwenda kutafuta nyasi Nairobi waliiacha kando ya barabara ya Namanga, mmoja mmoja. Ng'ombe walioangukia karibu na Kitengela waliokotwa na pikapu ya bustani ya wanyama ya Bwana Wahome. Mwaka huo, aliyekuwa na bahati Kitengela nzima ni simba.

Alijaza karai, akajinyoosha mgongo. Nyumbani kwake, kwenye chumba cha mabati nyuma ya soko, uji ndio uliokuwa kiamshakinywa na uji ndio uliokuwa chajio. Binti yake Syombua aliunywa kimyakimya, kitabu magotini. Mama mkwe wake aliunywa akiulizia chumvi. Kaveke mwenyewe alikuwa kibarua wa kukata nyama tangu bustani ifunguliwe, na kibarua ni mtu anayeulizwa kila jioni kama kesho atakuja, kana kwamba ana pengine pa kwenda.

Nyuma ya ghala, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, punda wake alikuwa amefungwa akitafuna katoni.

Huyo punda ndiye aliyeshika nyumba. Alinunuliwa kwa mchango uliobaki baada ya matanga ya mume wa Kaveke, aliyefukiwa na mawe kwenye machimbo ya Mlolongo. Wiki ya kwanza alikata kamba akapotea mchana kutwa, na jioni wakamwona akija peke yake, taratibu, kana kwamba alitumwa dukani. Syombua akacheka akamwita Kasyoka, jina la Kikamba la mtu aliyeenda akarudi. Kila alasiri Kaveke alipomaliza nyama, alimfunga Kasyoka kwenye mkokoteni wakaenda kioski cha maji karibu na steji, wakapanga foleni na punda wengine, wakajaza mitungi na kuipeleka kwenye maploti ya wapangaji. Maji hayo ndiyo yaliyomweka Syombua kidato cha pili. Bila punda hakuna shule. Syombua alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana alimsugua punda huyo masikio kila jioni kabla ya kugusa vitabu.

Na maji yenyewe hayakuwa mbali kiasi hicho. Kutoka pale alipokuwa amesimama na shoka lake, Kaveke aliliona tangi refu la kisima, na bomba lake likimwaga ndani ya dimbwi la simba. Kisima hicho kilichimbwa na watu wa kanisa kwa ajili ya kijiji, na siku ya kukifungua akina mama waliimba mpaka wakakauka makoo. Kisha Bwana Wahome akaja na waya. Waya ulipomaliza kuzunguka, kisima kilikuwa ndani na akina mama walikuwa nje. Chifu aliulizwa, akasema ramani ndivyo ilivyo.

Saa nne gari la televisheni likaingia kutoka Nairobi. Walishuka watatu. Nyakio na Ishmael walikuwa watangazaji wa kipindi cha wanyama cha watoto, kile cha Jumamosi asubuhi, na hata Kaveke, ambaye televisheni aliionea dirishani kwa wenye duka, alizijua sura zao. Wa tatu alikuwa Ochola, mtu wa kamera, mnene, mwenye kitambaa shingoni cha kufutia jasho. Siku hiyo walitaka kuwaonyesha watoto kazi za nyuma ya pazia: nani anawalisha wanyama, nani anawaosha, wanalala wapi.

Bwana Wahome aliwapokea akiwa amevaa kofia pana na nguo za kaki zilizopigwa pasi mpaka zikasimama. Kaveke alipewa koti jipya lenye picha ya simba kifuani, akaambiwa asilichafue kwa sababu ni la kurudisha.

"Mama, kata tu kama kawaida," Ishmael akamwambia. "Usiangalie kamera."

Akakata. Lakini mzoga ule ulikuwa umekonda mno, mbavu zikachomoza vibaya kwenye picha, na Nyakio akageuza uso.

"Hii itatisha watoto," akasema. "Ochola, piga picha ya ndoo ya nyama tu. Ishmael, wewe beba ndoo."

Basi Ishmael akabeba ndoo, akatembea nayo akitabasamu kana kwamba alizaliwa nayo mkononi. Kaveke akaombwa asogee pembeni, kisha asogee tena kidogo, mpaka akajikuta nyuma ya gari.

Kutoka hapo alimsikia Bwana Wahome akiiambia kamera jinsi alivyomlea simba wake.

"Tulimwokota akiwa kama paka. Mama yake aliuawa kule Kimuka alipovunja boma la mbuzi. Mimi mwenyewe nilimnyonyesha kwa chupa, usiku na mchana. Sultan ni kama kijana yangu."

Kaveke hakukasirika. Aliona haya kwa niaba yake. Mtoto huyo wa simba aliletwa ndani ya katoni ya sabuni, mwezi uleule aliozika mumewe, na ni yeye aliyembeba mgongoni kwa leso akikata nyama, ni yeye aliyempasha maziwa ya mbuzi na kuyaonja kwanza kwa kiganja. Jina Sultan lilikuwa la kibao cha getini. Yeye alimwita Kana, ambalo kwao ni mtoto, na simba alikuja kwa jina hilo tu. Hata sasa, na kichwa chake kikubwa kama sufuria ya harusi, alipomwona Kaveke alikuja kusugua shavu kwenye waya na kudai chupa, na Kaveke alimpa.

Tena aliwasimulia watu wote habari ya kuku. Kuku wa mlinzi aliingia kwa Kana siku moja, na Kana akamnusa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Kuku akashinda humo, akataga yai pembeni. "Kana wangu ameokoka," Kaveke alikuwa akisema, na kila mtu bustanini alicheka. Alijivunia hilo jinsi mama anavyojivunia mtoto aliyepita mtihani.

Kufikia saa sita jua lilikuwa limekaa utosini na Kana alikuwa amelala chali, miguu juu. Ochola alimngoja. Ishmael aligonga waya kwa funguo za gari. Kana akafungua jicho moja, akalifunga.

"Huyu analala tu," Ishmael akasema. "Watoto watahamia katuni. Bwana Wahome, hatuna kitu hapa. Tufunge virago?"

Bwana Wahome akavua kofia, akaivaa. Ukame ulikuwa umefukuza wageni, shule zilikuwa zimeacha kuleta watoto, na kipindi hiki ndicho alichokuwa akikingoja. Macho yake yakazunguka bustani nzima, yakatua nyuma ya ghala.

"Hiyo punda ni ya nani?"

"Ni yangu, mzee," Kaveke akasema.

"Ilete hapa kwa waya. Simba iione tu."

Akamleta. Kana akaamka. Akaja mpaka kwenye waya, masikio yamesimama, akamtazama Kasyoka bila kupepesa, na Ochola akapiga mluzi wa furaha nyuma ya kamera yake. Lakini alipoangalia alichokipata, akatikisa kichwa.

"Waya unaingia kwa picha. Inakaa jela."

Halafu Bwana Wahome akamshika Kaveke begani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akamvuta kando.

"Kaveke. Ni nani hapa anajua hii simba kukushinda?"

"Hakuna, mzee."

"Si wewe hutuambia imeokoka? Hata kuku ilitaga huko ndani."

"Kuku ni kuku, mzee."

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ama uliilea vibaya?"

Kaveke akaanza kuelewa anakopelekwa. Akaishika kamba ya punda kwa mikono miwili.

"Mzee, hii punda ndiyo bwana yangu sasa. Ndiyo karo ya msichana."

"Nani anataka kuiua? Iingie, wapige picha, itoke. Dakika kidogo tu. Na nikuambie kitu." Akapunguza sauti. "Kutoka leo utakuwa unachota maji kwa borehole yangu. Wewe na punda yako. Bure. Hiyo foleni ya steji sahau kabisa."

Kaveke akalitazama tangi. Aliona mitungi yake imejaa kabla ya saa nane. Aliona safari mbili, tatu kwa siku badala ya moja, na Syombua akienda shule bila kurudishwa getini kwa ajili ya karo. Maji yenyewe yalikuwa yake tangu mwanzo, aliyaimbia siku ile mpaka akakosa sauti, na sasa alikuwa akiahidiwa kama zawadi. Hakuwa na nafasi ya kulifikiria hilo. Mtu mwenye kiu haulizi ndoo ni ya nani.

"Na nikikataa, mzee?"

"Ukikataa ni sawa," Bwana Wahome akasema kwa upole. "Kuna wamama wengi kwa gate wanaomba kazi ya kukata nyama."

Nyakio alikuwa amesogea. "Mna uhakika ni salama?" akauliza. "Mimi sitaki mnyama aumie kwa sababu ya kipindi changu."

"Muulize mlezi mwenyewe," Bwana Wahome akasema, akisahau alichoiambia kamera asubuhi.

Nyakio akamgeukia Kaveke. "Mama, hatamuumiza?"

Wote wakamtazama. Tangu asubuhi hakuna mgeni aliyekuwa amemuuliza kitu. Kaveke akamtazama Kana nyuma ya waya, mdomo wake umelegea kidogo, ulimi nje kwa joto, uleule aliokuwa akiupangusa maziwa kwa pindo la leso.

"Hajui kuua," akasema.

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomkaba baadaye, kwamba hakusema uongo.

Alimwingiza mwenyewe. Langoni Kasyoka alisimama, akapanua pua, akarudi nyuma, ngozi ya mabega ikimtetemeka. Kaveke akapiga ulimi kama alivyozoea kumpigia kwenye foleni ya maji, foleni inaposonga, na Kasyoka akaingia. Alikuwa punda wa namna hiyo. Akamfungua kamba, akamgusa sikio, akatoka, na Daud, dereva wa pikapu ya mizoga, akafunga lango nyuma yake.

Mwanzo ulikuwa mchezo. Kana alimzunguka, akamgusa kwa mkono kama alivyogusa magunia aliyotupiwa. Kasyoka akamtupia teke la kifua.

"Shukrani ya punda!" Ishmael akacheka. "Ochola, umepata hiyo?"

"Nimepata."

Kana akarudi nyuma akitikisa kichwa, akashangaa, na kitu kikabadilika katika mabega yake. Kitu hicho Kaveke hakumfundisha, wala hakuna aliyemfundisha. Akaruka. Lakini simba aliyelelewa na mama yake huenda kooni, akamaliza. Huyu hakujua koo ni nini. Alipanda mgongoni kwa uzito wake wote na kuanza nyuma, pajani, pale alipozoea kuanza kwenye karai, kwa sababu nyama ndivyo ilivyomjia siku zote, haikimbii wala hailii. Kasyoka akalia. Kila mtu Kitengela anajua mlio wa punda. Huu haukuwa huo.

"Kana!" Kaveke alikuwa amening'inia kwenye waya. "Kana! Kana! Mwache!"

Na Kana akaacha. Hilo nalo lilikuwa baya kuliko yote. Alisikia sauti yake, akageuza kichwa, akamwacha punda pale kwenye vumbi na kuja mbio mpaka kwenye waya, akausugua kwa shavu lililojaa damu, akidai chupa.

Daud akafungua lango dogo, yeye na Kaveke wakamvuta Kasyoka nje kwa shingo. Punda alisimama. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa ukiburuta, na pajani palikuwa wazi mpaka palipong'aa mfupa. Walimfikisha nyuma ya ghala, kwenye kivuli chake cha asubuhi. Kaveke akavua lile koti la kurudisha, akalikandamiza pajani.

"Ochola, zima!" Nyakio alikuwa akilia. "Nimesema uzime!"

"Nimezima kitambo."

"Hii hatuwezi kuonyesha," Ishmael akasema, akitafuta sigara. "Bwana Wahome, tunahitaji mwisho mwingine. Kitu kizuri. Hiyo ya chupa, je? Simba akinywa maziwa?"

Bwana Wahome akaja nyuma ya ghala. Hakumtazama punda.

"Kaveke, leta chupa."

"Mzee, hii punda itakufa. Nisaidie na daktari wa mifugo. Hata simu tu, mzee, apigiwe simu."

"Leta chupa kwanza. Simba haiwezi kuja bila wewe. Na upanguse hiyo mdomo."

Alikwenda. Watu wanaoshiba huuliza kwa nini alikwenda. Alikwenda kwa sababu daktari alikuwa ndani ya simu ya Bwana Wahome, na simu ilikuwa mfukoni mwake. Alipasha maziwa, akayaonja kwa kiganja. Alimpangusa Kana mdomo kwa kitambaa chenye maji, kupitia waya, na Kana akafumba macho kama mtoto anayeoshwa uso. Kitambaa kikawa chekundu, akakikamua, akapangusa tena. Kisha akachutama chini, nje ya picha, akaliita jina lake kwa sauti ndogo, huku juu yake Ishmael ameishika chupa na Nyakio, macho yamepakwa poda upya, akiwaambia watoto wa Kenya kwamba upendo huweza kumfuga hata mfalme wa porini.

"Safi," Ochola akasema.

Nyakio alimfuata Kaveke akamtia kitu mkononi, kikiwa kimekunjwa, akasema pole, mama, pole sana, akaingia garini. Kaveke hakukitazama. Alikuwa akimtazama Bwana Wahome akiwapungia mkono wageni mpaka vumbi likawameza.

"Mzee, ile simu."

"Daktari gani atashona hiyo?" Bwana Wahome akasema. Alikuwa amechoka, na ile sauti ya upole ilikuwa imekwenda na wageni. "Umeniaibisha mbele ya watu. Ulisema haijui kuua."

"Na haijui, mzee. Kama ingejua..."

Bwana Wahome akamkatiza.

"Basi iache hapo. Ng'ombe ya leo ilikuwa mifupa tu. Hiyo itakuwa nyama ya kesho."

"Na maji, mzee?"

Neno lilimponyoka tu. Alijichukia kwa kulisema, pale pale, damu ya Kasyoka bado imo kwenye kucha zake.

"Maji utabeba na nini?" Bwana Wahome akasema.

Alipozunguka ghala, kivuli kilikuwa kitupu. Koti lilikuwa chini, simba wa kifuani haonekani tena. Hakuwa amemfunga. Matone yalipita kando ya ukuta, yakapita getini alikokuwa mlinzi amesinzia, yakaingia kwenye udongo mweusi uliopasuka, yakashika njia ya mjini. Kaveke akayafuata akikimbia, viatu mkononi. Alidhani anakwenda nyumbani, na akamwomba Mungu Syombua asiwe amerudi kutoka shule.

Lakini matone hayakukata kona ya soko. Yalinyoosha mpaka steji.

Alimkuta kwenye foleni. Ilikuwa alasiri, saa yao ya kila siku, na punda wa maji walikuwa wamepangana mbele ya kioski, vichwa chini, mikokoteni nyuma yao. Kasyoka alikuwa amesimama mahali pake bila mkokoteni, nyuma ya punda wa Waithera, mguu mmoja ameuinua. Chini yake udongo ulikuwa umelowa. Hakuna aliyejua la kufanya na punda anayevuja damu ambaye hakuruka zamu ya mtu.

"Mama Syombua," Waithera akasema kwa sauti ya chini. "Ni nini imefanyika?"

Kaveke akaviacha viatu chini. Akaenda akamshika Kasyoka masikio, akaweka paji lake la uso kwenye paji la punda. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya watu wote, mwanamke aliyemzika mumewe bila kutoa chozi kwa sababu kulikuwa na mengi ya kufanya.

Pikapu yenye picha ya simba ikasimama kando ya barabara. Daud akashuka na kamba. Alisimama hatua chache kutoka kwao, hakusogea.

"Mama Syombua," akasema. "Wallahi usiseme ni mimi. Mzee amenituma. Amesema hiyo ni ya bustani, imeshahesabiwa." Akaipitisha kamba mkono mmoja hadi mwingine. "Na amesema kesho uje mapema. Hakuna mwingine wa kukata."

Mbele, mtungi ulijaa, ukafungwa. Punda wa kwanza akaondoka na foleni ikasonga. Mtu fulani akapiga ulimi, kwa mazoea tu.

Kasyoka akainua kichwa mikononi mwa Kaveke, akasogea hatua moja mbele, akasimama tena kungoja zamu yake.